Ada za Likizo kwa Mtoto wa Muhula Tu

Shule za serikali nchini Uingereza huwapokea wanafunzi siku 190 kwa mwaka, na walimu huongezewa siku tano za mafunzo wanafunzi wakiwa nyumbani. Jumla yake ni wiki 39. Wiki 13 zinazobaki ni likizo: moja katikati ya kila muhula, mbili za Krismasi, mbili za Pasaka na sita za kiangazi. Mwalimu, msaidizi wa darasani, mpishi wa shule au mzazi yeyote ambaye kazi yake inafuata kengele ya shule humtafutia mtoto wake mdogo malezi ya wiki hizo 39 tu; likizo ikiingia anakaa na mwanawe mwenyewe. Lakini mlezi wa nyumbani, yaani mtu aliyesajiliwa kulea watoto wa wengine nyumbani kwake kwa malipo, hulipia nyumba, bima na umeme kwa wiki zote 52. Pengo la wiki 13 lazima libebwe na mtu. Kupanga ada za mtoto wa muhula tu ni kuamua, kabla mtoto hajaanza, nani atabeba kiasi gani.

Pengo hilo linakuwa zito kwa sababu ya kanuni za idadi ya watoto. Mlezi anayefanya kazi peke yake haruhusiwi kuwa na zaidi ya watoto sita wa chini ya miaka minane kwa wakati mmoja. Kati ya hao sita, kwa kawaida watatu tu ndio wanaoweza kuwa wadogo, maana yake wale ambao hawajavuka tarehe 31 Agosti inayofuata baada ya kutimiza miaka mitano, na katika hao watatu ni mmoja tu anayetarajiwa kuwa chini ya mwaka mmoja. Watoto wa mlezi mwenyewe nao huhesabiwa. Mlezi mwenye mtoto wake wa miaka miwili, kwa hiyo, amebakiwa na nafasi mbili za watoto wadogo. Akimpa moja mtoto wa muhula, nusu ya nafasi hizo itakaa wazi wiki 13, tena si kwa mfululizo bali kwa vipande: wiki moja Oktoba, mbili Desemba, moja Februari. Ni shida kumpata mzazi wa mtoto wa miaka miwili anayetafuta malezi ya vipande vya namna hiyo.

Hoja inayotolewa mara nyingi ni kwamba likizo huleta wanafunzi wakubwa, na hao watajaza pengo. Hoja hiyo ina ukweli nusu. Mwanafunzi wa miaka sita huhesabiwa katika wale sita, hahesabiwi katika wale watatu. Mlezi mwenye wadogo watatu angeweza kuwapokea wanafunzi watatu wa likizo hata kama mtoto wa muhula angebaki, hivyo fedha za wanafunzi hao hazikuletwa na kuondoka kwake. Nafasi aliyoiacha hujazwa kwa kweli pale tu ambapo mlezi ameshafika idadi ya sita na bado kuna mwanafunzi mwingine anayehitaji nafasi. Asiyetazama tofauti hiyo hujiona amefidiwa, kumbe mapato hayo angeyapata kwa vyovyote.

Hesabu nzuri huanzia kwenye mwaka mzima, ndipo ishuke kwenye wiki na saa. Chukua mfano wa mlezi anayetoza pauni 6 kwa saa, na mtoto anayekuja siku tatu kwa wiki, saa kumi kila siku. Ada ya wiki ni pauni 180. Ikiwa mlezi mwenyewe hupumzika wiki nne kwa mwaka na hatozi ada siku ambazo amefunga, mtoto wa mwaka mzima humletea wiki 48 za malipo, yaani pauni 8,640. Mtoto wa muhula, akilipiwa wiki 39 tu kwa ada ileile, huleta pauni 7,020. Tofauti ni pauni 1,620. Matumizi yanayopungua mtoto asipokuwepo ni chakula, vifaa vya kuchezea na matembezi. Hata yakiwa pauni 4 kwa siku, siku 27 za pengo huokoa pauni 108. Kinachobaki ni hasara halisi, na mlezi aliyejiajiri hana likizo yenye malipo ya kisheria kama ile ya wafanyakazi walioajiriwa, ambayo ni wiki 5.6 kwa mwaka.

Namba ya kwanza ya kuandika, basi, ni ile 8,640: kiasi ambacho nafasi hiyo ingeleta kwa mwaka kama ingechukuliwa na mtoto wa mwaka mzima. Namba hiyo haina maana ya kwamba mzazi wa muhula ni lazima ailipe yote. Inaonyesha tu ukubwa wa kinachogawanywa.

Njia ya kwanza ya kugawanya ni kupandisha ada ya muhula na kuacha likizo bila malipo. Kuziba pengo lote kwa njia hii kungefanya ada ya wiki ifike takriban pauni 221.50, au karibu pauni 7.40 kwa saa. Wazazi wachache watakubali kulipa karibu robo ya pauni moja juu ya kila pauni, hasa wakiona jirani yao analipa 6 kwa mlezi yuleyule, na kwa kweli ongezeko lote hilo si haki, kwa sababu mlezi naye anapata faida ya wiki zenye kazi nyepesi. Ongezeko la asilimia kumi ni rahisi zaidi kulieleza. Kwa pauni 6.60, wiki inakuwa pauni 198 na mwaka pauni 7,722. Pengo limepungua hadi pauni 918. Sifa kubwa ya njia hii ni usafi wake: likizo mtoto hayupo, hakuna ankara, na mlezi yuko huru kumpa nafasi amtakaye. Udhaifu wake ni kwamba haimfungi mzazi. Aliyeondoka Julai bila kulipa chochote hana kinachomrudisha Septemba.

Njia ya pili ni ada ya kushikilia nafasi, ambayo kwa kawaida huwa nusu ya ada ya siku zote. Katika mfano huu, wiki 13 za likizo hupunguzwa zile nne ambazo mlezi mwenyewe amepumzika, zikabaki tisa. Tisa mara pauni 90 ni 810, na mwaka unafika pauni 7,830. Mzazi na mlezi wamegawana hasara sawasawa. Mpangaji anayesafiri mwezi mzima hulipa kodi ya chumba kwa sababu anataka kukikuta kilivyo, na ada ya kushikilia nafasi imejengwa juu ya wazo hilohilo. Ndiyo maana ina masharti yake. Anayepokea ada hiyo haiuzi nafasi ileile kwa mtu mwingine kwa wiki zilezile. Akimpata mtoto wa kuijaza likizo yote ya kiangazi, chaguo la uaminifu ni kumfutia mzazi wa kwanza ada ya wiki hizo. Kupokea malipo mara mbili kwa nafasi moja ndiko kunakowafanya wazazi waione ada nzima kuwa ujanja.

Mkataba useme pia nini mzazi anapata kwa ile nusu. Walezi wengine humaanisha kwamba mtoto haji kabisa. Wengine humruhusu mzazi kumleta siku moja moja akihitaji, kwa kuongeza nusu iliyobaki na kutoa taarifa ya wiki moja au mbili. La pili huwafaa walimu, kwa kuwa likizo yao si mapumziko matupu: kuna siku ya kuandaa darasa mwishoni mwa Agosti, na kuna siku ya matokeo ya mitihani. Mlezi hupoteza kidogo kwa kuwaachia mlango huo, maana nafasi imelala hata hivyo.

Njia ya tatu haibadilishi jumla ya ada, inabadilisha tu jinsi inavyolipwa. Ada ya mwaka hugawanywa kwa miezi 12, na mzazi hulipa kiasi kilekile kila mwezi. Pauni 7,020 huwa pauni 585 kwa mwezi. Pauni 7,830 huwa pauni 652.50. Mlezi anapata fedha hata Agosti, na mzazi hakutani na ankara kubwa Novemba. Wasaidizi wa darasani wengi wa Uingereza wameajiriwa kwa wiki za muhula tu na mshahara wao wenyewe hugawanywa kwa miezi 12 vivyo hivyo, hivyo kwao utaratibu huu hauna ugeni wowote.

Hata hivyo, hapa ndipo migogoro mingi huzaliwa, na chanzo ni mwezi wa Agosti. Mzazi anayemhamishia mtoto shuleni Septemba huuliza kwa nini alipe pauni 585 za Agosti ilhali mtoto hakuja hata siku moja. Jibu liko katika hesabu. Tangu Septemba iliyopita hadi Julai amelipa miezi 11, sawa na pauni 6,435, lakini mtoto ameshatumia wiki zote 39 zenye thamani ya pauni 7,020. Pauni 585 za Agosti ni deni la siku zilizokwisha kutumika. Hali ni hiyohiyo kwa anayeondoka Krismasi: amelipa miezi minne, pauni 2,340, na mtoto amehudhuria, tuseme, wiki 14 za pauni 2,520, hivyo anadaiwa pauni 180. Anayeanza Juni, kinyume chake, akiondoka Septemba huenda amelipa zaidi kuliko alivyotumia, na mlezi ndiye anayemrudishia. Mkataba wa malipo sawa ya kila mwezi usio na kifungu cha kusawazisha hesabu mtoto anapoondoka haujakamilika. Kifungu hicho kiambatane na jedwali la mwaka linaloonyesha siku za kila mwezi, thamani yake na kilicholipwa. Mzazi akiliona Septemba, hatashangaa Julai.

Wazazi waliotoka Afrika Mashariki wakahamia London au Leicester huwa wamemzoea dada wa kazi anayepokea mshahara wa mwezi, mwajiri awe safarini au nyumbani. Mlezi wa nyumbani wa Uingereza haajiriwi na mzazi. Yeye ni mtu aliyejiajiri anayeuza nafasi, na mzazi ni mteja wake. Haki na wajibu wa pande zote mbili hutokana na mkataba walioutia saini, na kisichoandikwa humo ni kigumu kudaiwa baadaye.

Kiangazi kinastahili kupangiwa masharti yake peke yake. Likizo ya wiki moja ya Februari haimwondoi mteja, lakini wiki sita za Julai na Agosti hutosha kubadili mipango ya familia: mzazi amepata kazi nyingine, bibi amekubali kukaa na mjukuu, shule ya awali ya jirani imefungua nafasi. Mlezi aliyekataa watoto wengine watatu tangu Mei huambiwa tarehe 28 Agosti kwamba mtoto harudi, na wakati huo familia nyingi zimeshapanga malezi ya Septemba. Kinga ni mbili. Ya kwanza ni ada ya kushikilia nafasi kwa wiki za kiangazi, hata kwa mlezi asiyeitoza likizo fupi. Ya pili ni muda wa taarifa, mara nyingi wiki nne, pamoja na sharti kwamba taarifa inayotolewa likizoni italipiwa kana kwamba ni siku za muhula. Bila sharti hilo mzazi anaweza kutoa taarifa siku ya mwisho ya muhula na wiki zote nne zikapita bila senti.

Mtoto anayejulikana kwamba Septemba anaingia darasa la mapokezi shuleni ni suala jingine. Hana nafasi ya kushikiliwa, kwa hiyo kumtoza ada hiyo kiangazi hakuna msingi. Mkataba wake uishe siku ya mwisho ya muhula na hesabu zisawazishwe. Nafasi yake inaweza kuombwa na familia ya mtoto mwingine anayeanza Septemba, na hao ndio wanaoweza kulipa arubuni au nusu ada ya kushikilia tangu Julai.

Saa za malezi zinazolipwa na serikali huongeza ugumu. Kwa wazazi wanaofanya kazi na kutimiza masharti ya kipato, tangu Septemba 2025 serikali hulipia saa 30 kwa wiki kwa wiki 38, kuanzia muhula unaofuata baada ya mtoto kufikisha miezi tisa, yaani saa 1,140 kwa mwaka. Mpango huo umejengwa juu ya kalenda ya shule, hivyo unamkaa vizuri mtoto wa muhula na kumwacha mlezi bila malipo ya serikali likizoni. Wazazi wa mwaka mzima wanaweza kukubaliana na mlezi kuzitawanya saa hizo: kwa mlezi anayefungua wiki 48, saa 1,140 huwa saa 23.75 kwa wiki. Kwa mtoto wa muhula anayetumia saa za serikali peke yake, mlezi awe mwangalifu sana kuhusu ada ya kushikilia nafasi. Saa hizo zinapaswa kutolewa bure, na mzazi hawezi kulazimishwa kulipa ili azipate. Ada ya likizo ihusu saa ambazo mzazi huzilipia mwenyewe, na mkataba wa mlezi na halmashauri ya eneo lake usomwe kabla ya kuandika kifungu chochote. Mlezi anayeona kwamba hawezi kubeba wiki 13 tupu yuko huru kutangaza mapema kwamba ana nafasi chache tu za muhula, au hana kabisa.

Kwa wazazi wanaotumia akaunti ya serikali ya malezi, ambayo huongeza pauni 2 kwa kila pauni 8 zinazowekwa, kikomo cha nyongeza ni pauni 500 kwa kila miezi mitatu kwa mtoto mmoja. Ankara zikirundikana katika miezi ya muhula, mzazi wa mtoto anayekuja siku tano anaweza kugonga kikomo hicho na kisha kutokitumia kikamilifu kiangazi. Malipo sawa ya miezi 12 humsaidia kupata nyongeza yote, na ni hoja ambayo mlezi anaweza kumwonyesha mzazi anayesita.

Wanafunzi wanaokuja baada ya saa za shule huleta hesabu iliyogeuzwa. Muhula huwa ni saa mbili au tatu jioni, likizo ni kutwa nzima pamoja na chakula cha mchana na matembezi. Ada ya saa ya jioni ikizidishwa mara kumi huwa kubwa kwa mzazi, kwa hiyo walezi wengi huweka bei ya siku nzima iliyo chini kidogo. Mwanafunzi asiyekuja likizo naye huacha swali: nafasi yake ya jioni ishikiliwe kwa malipo au la? Hapa ada ya kushikilia ni vigumu kuitetea, kwa kuwa saa za jioni za likizo hazitafutwi na mtu. Inatosha kumtaka mzazi athibitishe mapema siku za likizo anazotaka, na siku zilizothibitishwa zilipiwe hata mtoto asipokuja.

Kalenda ndiyo inayoamua hesabu zote hizi, na kalenda si moja. Halmashauri hupanga mihula ya shule zilizo chini yake, lakini shule nyingi zinazojiendesha hupanga zake. Leicestershire hufunga mapema Julai kuliko sehemu nyingi za nchi, na Scotland hufunga mwishoni mwa Juni na kufungua katikati ya Agosti. Mwalimu anaweza kuishi karibu na mlezi na kufundisha katika wilaya nyingine yenye wiki tofauti. Mkataba utaje ni kalenda ya shule ipi inayofuatwa, na nakala yake iambatanishwe. Siku tano za mafunzo nazo zitajwe: mzazi mwalimu anazihitaji, mzazi asiye mwalimu pengine atakuwa nyumbani na mtoto mkubwa. Mihula haianzi daima Jumatatu, kwa hiyo ni salama zaidi kuhesabu siku halisi kuliko kuzidisha wiki. Mtoto wa Jumatatu na Jumanne mara nyingi huwa na siku chache kuliko wa Jumatano na Alhamisi. Kati ya siku kuu nane za mwaka, ile ya mwanzoni mwa Mei huangukia ndani ya muhula, na zilizobaki karibu zote huwa likizoni.

Mapumziko ya mlezi mwenyewe yana mahali pake katika hesabu. Akiyaweka ndani ya likizo za shule, wiki hizo hazimpotezei ada za mtoto wa muhula, na mzazi hakosi malezi siku ya kazi. Ubaya ni kwamba nauli za ndege hupanda likizo, na wazazi wa mwaka mzima huenda wakamhitaji wakati huohuo. Tarehe zitangazwe mwanzoni mwa mwaka.

Upande wa sheria, Sheria ya Haki za Watumiaji ya mwaka 2015 inataka vifungu vya mkataba viwe wazi na vya haki, na kifungu kisicho cha haki hakimfungi mzazi. Ada kamili kwa likizo nzima huku mlezi mwenyewe amefunga mlango ni mfano wa kifungu kinachoweza kupingwa. Jambo lisilojulikana na wengi ni kwamba walezi wa mtaa mmoja hawapaswi kukutana na kukubaliana bei. Kila mmoja ni biashara yake, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 1998 inakataza mapatano ya namna hiyo. Kutazama bei zilizotangazwa hadharani kunaruhusiwa, na halmashauri hutoa taarifa za watoa malezi wa eneo lao kupitia huduma ya habari kwa familia. Ada ya kushikilia nafasi ni mapato kama mengine na huandikwa katika hesabu za kodi.

Mlezi anayetaka kubadili utaratibu kwa wateja alionao awaandikie kabla ya Pasaka, mabadiliko yaanze Septemba. Wazazi wanapata muhula mmoja wa kuchagua kati ya kubaki, kuongeza wiki za likizo au kutafuta kwingine, na mlezi anajua Juni ni nafasi ngapi za kutangaza. Mtoto wa mwaka wa mwisho kabla ya shule anaweza kuachwa katika masharti ya zamani hadi Julai.